Jozi ya Magongo

Mimi ni mtunza stoo. Sina kauli mkutanoni.
Nina daftari, kalamu iliyofungwa uzi shingoni,
na rafu ya tatu, tupu, inayonuka kutu.

Asubuhi ile, hospitali ya Wete,
feni ilizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Bwana Haroub wa kodi alisema:
"Mwenye kutengeneza na atoe.
Hiyo wodi mnayoitaka haitojengwa kwa dua.
Kila kifaa cha tiba kitokacho karakana,
asilimia tatu."
Aliitamka tatu kwa wepesi,
kama anayeomba sukari kwa jirani.

Fundi Shaame wa Limbani akaweka magongo mezani,
mapya, yangali na harufu ya moto.
"Bomba nanunua Unguja, kwa bei ya bomba.
Mpira wa chini naukata kwenye tairi bovu.
Nionesheni hiyo tatu imekaa wapi humu,
niitoe kwa msumeno."

Watu wakacheka. Haroub naye akacheka,
kisha akauliza:
"Na ile taa ya chumba cha upasuaji,
iliyozimika Bikombo akiwa kitandani, tumbo wazi,
ataileta nani? Mchomeleaji?"

Hakuna aliyecheka.
Nikaona wote wawili wana haki,
na haki mbili zikigombea kiti kimoja
mgonjwa husimama.

Mkuu akasema tuahirishe. Tukaahirisha.
Chai ikaja, na mkate wa ajemi.

Mlangoni pa stoo alinisubiri Mbarouk,
miaka kumi na minne,
aliyeteleza mkarafuuni msimu uliopita,
amemshika dada yake bega
kama ngazi iliyoegemezwa ukutani.
"Yamekuja?"

Nikafungua daftari penye jina lake.
Safu ya bei nimeiandika kwa penseli mara nne,
nimeifuta mara nne,
karatasi imekonda hata ukurasa wa pili unachungulia.

"Bado yanajadiliwa," nikamwambia.
"Aa. Basi," akajibu kwa adabu.
Nikazisikiliza hatua zao hadi getini:
mbili za dada, moja yake,
mbili za dada,
kimya,
moja yake.

Jioni nikaenda kufunga chumba cha mkutano.
Magongo yalikuwa pale pale mezani,
juu yake mtu kaweka kikombe.

Kesho yake Haroub alikuta duara la chai tu,
akaniuliza kama nimeyapokea stoo.
Nikampa daftari alitazame mwenyewe.
Humo sikuandika kitu.