Madumu Kumi na Tisa

Kwa akina mama wa Umoja, usharika wetu wa Korogwe:
fomu mliyonipa ina safu tatu.
Waliohubiriwa. Waliookoka. Vipeperushi vilivyogawiwa.
Naijaza hapa hapa Mbale, kalamu inavuja,
vumbi la Mutoto lingali kwenye kope zangu.

Tulifika ngoma zimekwisha kuuteka mji.
Kadodi haibishi hodi; inakuingia kwa nyayo.
Vijana wamepakwa kimea cha ulezi hadi kwenye nyusi,
njuga mapajani, filimbi midomoni,
na nyuma yao shangazi, wajomba, wauza miwa,
mji mzima unarukaruka kukifuata kisu.
Sisi na hema letu la kuazima
tulipangiwa kati ya mkaanga mayai
na kijana anayechaji simu kwa shilingi mia tano.

Mwinjilisti Shekiondo alishika kipaza sauti.
Mnamjua: akisema "Ndugu zangu" hata mbuzi hugeuka.
Safari hii watu waligeuka, kisha wakasogea.
Hawakutukana. Walisogea tu,
kama wanaompisha mtu mwenye bunduki.
Khainza, mwenyeji wetu, akanivuta kanga:
"Mwambie apunguze. Hapa lugha hiyo
ndiyo iliyokuwa ikigonga milango usiku."

Akina mama, mimi nimezaliwa ndani ya Kiswahili.
Nimebembelezwa nacho, nimeposwa nacho, nimezika nacho.
Sikujua kwamba kwingine kinavaa buti.

Shekiondo alizima. Jasho likamtoka kimya kimya.
Tukabaki na tulivyokuwa navyo visivyohitaji maneno:
mapipa mawili, vikombe vya plastiki,
na kisima cha shule, mteremko wa dakika kumi.
Wanakwaya, na majoho yao mapya,
wakageuka punda, na walikuwa punda wazuri.
Anayetaka kunywa, anakunywa.
Anayetaka kunawa, ananawa.
Mchana wote hatukumwambia mtu neno
ila kwa mikono: karibu, shika, ongeza.

Saa tisa akaja bibi mmoja, Nambozo,
kiatu kimoja kimekatika kamba.
Akanywa vikombe viwili, akalalamika vinanuka sabuni.
Kisha, kwa Kiswahili kilichovunjika kama mkaa:
"Nyinyi wa Tanzania?"
Nikasema ndiyo, nikitamani kusema hapana.
"Sabini na tisa, askari wa huko
alilala jikoni kwangu siku mbili, mguu umevimba.
Nikampa malewa. Alikula uso umekunjamana.
Alipoondoka akasema: asante, mama.
Miaka yote nilisikia lugha hii ikisema
lala chini, toa, twende.
Sikujua ina asante ndani yake."

Akanyamaza. Akasubiri.
Ilinichukua muda kuelewa anasubiri nini.

"Asante, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mwenye duka
aliyehesabu chenji ikatimia,
akainama, akabeba vipeperushi, boksi zima.
Nakiri nilifurahi. Nilianza kuijaza safu ya tatu.

Jioni tulivikuta sokoni kwa mjukuu wake,
vimeviringwa vifuko vya karanga.
Shekiondo alinunua kimoja. Akatafuna, akasoma.
Ilikuwa ile habari ya mwanamke na kisima;
mafuta yameshakula nusu ya mahubiri,
yamebaki maji.
Alicheka hadi akakohoa. Sijapata kumwona
mtu huyo akicheka neno lake mwenyewe.

Basi pokeeni hesabu.
Waliohubiriwa: sijui, ngoma zilikuwa nyingi.
Waliookoka: aulizwe Mwenye kujua.
Vipeperushi: vyote, pamoja na chumvi.
Na pembeni, pasipo na safu, nimeandika:
maji, madumu kumi na tisa.
La ishirini liliteleza mteremkoni,
likanywewa na barabara.

Tukirudi miaka miwili ijayo, spika ibaki Korogwe.
Tupeni ndoo zenye vifuniko.
Na vikombe visuuzwe mara mbili.