Mto wa Leso

Jumba la mfalme lilikataa kuingia kwenye tuktuk.
Lilikuwa turubai la mita nne, nguzo zake rangi ya dhahabu,
tulilichora wiki mbili nyuma ya soko la Malindi.
Tukaliacha kwa fundi wa baiskeli, tukaenda Madunguni
watatu, Kahindi, Sidi na mimi,
na kitambaa kimoja cha samawati.

Darasa la pili wameketi chini, magoti kifuani.
Nikatandaza kitambaa. Nikasema, "Huu ni mto."
Kimya. Kisha mvulana mmoja asiye na meno ya mbele:
"Sabaki si samawati. Sabaki ni chai ya maziwa."
Wenzake wakaitikia kwa vichwa, mashahidi wote;
mwaka uliopita maji yaliingia hadi chini ya vitanda vyao.

Sidi akanitazama. Nikamtazama mwalimu.
Mwalimu akatazama dari.
Ni Mbeyu, mpishi wa uji, aliyesimama mlangoni na mwiko,
aliyefungua leso kiunoni, ya kahawia, ina majivu,
akaitupa katikati yetu:
"Haya, mto huo. Nirudishiwe kabla ya saa sita."

Ikatua na mawimbi yake tayari.
Msichana wa mbele, kidole hewani, akasoma pindo
silabi moja moja, kama anayekanyaga mawe:
Ha-si-di ha-na sa-ba-bu.
Akawageukia wenzake: "Mto huu una husuda."
Wakajivuta nyuma shubiri nzima.

Baada ya hapo hatukuwa na kazi kubwa.
Kahindi alikalia debe, akawa mfalme
kwa kunyamaza tu.
Mfuniko wa sufuria, mwezi.
Nikavua ndara, nikalala kifudifudi,
nikazigonganisha, pa! pa!
na watoto arobaini wakainua miguu kutoka sakafuni.
Sikuwa na meno wala mkia.
Mamba walikuja naye wenyewe,
wamemfuga vichwani tangu gharika;
mimi nilimfungulia mlango.

(Mbele ya lile jumba la dhahabu, ukumbini mjini,
waliuliza nani kalichora, na rangi ilinunuliwa wapi.
Hakuna aliyeinua mguu.)

Ikaisha. Makofi, kengele, harufu ya uji.
Leso bado imelala, na mlango uko ng'ambo.
Wangeweza kuikanyaga. Ni nguo. Ina majivu.
Wakaizunguka mmoja mmoja, migongo ukutani.
Wa mwisho, yule msomaji, alikuwa na haraka:
daftari juu ya kichwa, sketi kaipandisha magotini,
akavuka kwa hatua tatu,
ya kati akiipapasa kwanza kwa kidole cha mguu.

Mbeyu akaja kudai chake.
Niliiokota, nikaikung'uta,
kisha, sijui kwa nini, naye ananitazama,
nikaikamua.