Mwenye Faili

Saa tatu usiku, ofisi ya chama cha msingi, Kitangari.
Ghala limejaa korosho hadi kwenye mabati
na kompyuta inanikataa kwa adabu.

Inauliza jina. Naandika: somoe.
Inauliza neno la siri. Naandika.
Inakubali. Kioo kinapepesa mara moja,
kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi,
kisha inauliza jina.

Ingekuwa hainijui, ningeelewa.
Inanijua. Inanifungulia, inanipitisha ukumbini,
inanitolea mlango wa uani,
najikuta tena barazani, viatu mkononi.

Kosa ni langu. Asubuhi mweka hazina, Bwana Nandonde,
alilalamika tarakimu ni ndogo kama chawa,
nami kwa kiherehere nikavaa joho la mkuu wa mfumo,
nikaingia kwenye mafaili yasiyoguswa,
nikabadili hiki, nikafuta kile,
nikawasha dirisha nikiwa bado mkuu.
Herufi zikanenepa. Nandonde akachekelea.
Mchana umeme ukakatika. Uliporudi, ndiyo haya.

Na kesho ni malipo.
Wakulima mia tatu na sita, vitambulisho ndani ya nailoni.

Nampigia Chinduli, binamu yangu, yuko Mtwara mjini.
Mtandao unashika juu ya magunia tu, pembe ya kaskazini,
kwa hiyo napanda kusikia, nashuka kuandika.

"Kontroo, Alti, Efu ya tatu, kwa pamoja."
Nashuka. Kioo chote cheusi,
kistari kimoja cheupe kinapepesa pembeni.
Napanda. "Nimeiua."
"Hujaiua. Umeshuka chini ya sakafu.
Huko hakuna mapambo, ila ndiko nguzo zilipo. Ingia."

Naingia, na safari hii
neno langu la siri linanifikisha mahali.

"Orodhesha yote, hata yaliyofichwa."
Yanateremka mafaili yenye nukta mbele,
sikujua kama ninayo,
kila moja na jina la mwenyewe ubavuni:
somoe
somoe
somoe
mkuu
somoe.

Faili dogo, baiti hamsini na tatu,
ndilo lenye ufunguo wa dirisha.
Limo ndani ya nyumba yangu na si langu.

"Ndilo hilo," anasema. "Uliwasha ukiwa mkuu,
likaandikwa kwa mkuu, na hakuna aliyelirudisha."

Amri ni mstari mmoja. Naiandika kiganjani
kwa kalamu ya risiti, nafasi kwa nafasi:
badili mwenye mali, jina langu, jina la faili.
Nashuka. Nabonyeza.
Kimya. Napanda. "Haijasema kitu!"
"Ikikubali hunyamaza. Na siku nyingine, Somoe,
nakili kwanza ndipo ugu—"
Salio.

Dirisha limerudi, tarakimu nene kama za kalenda.
Nafungua daftari la malipo, nahakiki.
Nandonde, sawa. Mchopa, sawa. Wajane wa Mnyambe, sawa.
Mstari wa mia na kumi na mbili:
mikorosho arobaini na miwili,
aliyoipanda bibi, akamwachia mama,
kama kwetu mali inavyopita, tumbo kwa tumbo.
Mwenye mali: Likwata. Mjomba.
Aliandikishwa mwaka ule mama alipolazwa Ndanda,
kwa muda tu, pesa zisikwame.
Huu ni msimu wa saba.

Kishale kinapepesa juu ya jina lake.
Ghala zima linanuka maganda na vumbi la gunia.
Neno la siri ninalo mimi, peke yangu.
Mjomba alininunulia sare ya shule.
Mjomba alimnunulia pikipiki mwanawe.

Nanakili daftari lote, nalihifadhi pembeni.
Siligusi. Nazima.
Nasukuma mlango wa bati, nje baridi ya Newala inauma masikio,
na kiganjani, chini ya amri ya Chinduli,
naongeza kwa kalamu: 112.

Nampitia mama kwanza.
Kisha twende wote tukamgongee.