Mabeseni Arobaini

Mwaka kiwanda kilipokufa
hawakumlipa mama fedha.
Walimlipa mabeseni.
Mabeseni arobaini ya alumini, yamepigwa chapa
ya nchi iliyokwisha kufutwa ramanini,
na yeye, Rimma Khegai, mhandisi wa mitambo,
akayasukuma kwa kigari cha mtoto
kutoka lango la kiwanda hadi nyumbani, ghorofa ya nne,
safari sita,
majirani wakichungulia kama wapitao karibu na msiba
wasiomjua mfiwa.

Lugha ya ofisi ilikuwa imebadilika usiku mmoja.
Mama aliijua ya sokoni tu: bei gani, punguza, Mungu akubariki.
Kirusi chake kizuri, cha diploma,
kikawa koti la baridi mwezi wa Julai.
Na jina lake halikuwa na mjomba katika wizara yoyote.

Thelathini na nane akayauza.
Mawili akabaki nayo, akanunua karoti.

Karoti nazo zina hadithi.
Bibi aliletwa nyikani kwa behewa la ng'ombe
akiwa na miaka saba, na hakuna aliyemuuliza.
Walikoshushwa hakukuwa na kabichi ya kuchachusha.
Ukikosa titi la mama, walisema wahenga,
na wale walimkosa hata mbwa.
Wakakata karoti nyembamba kama nyuzi,
siki, pilipili, kitunguu saumu, mafuta ya moto,
wakaiita kachumbari ya kwetu
ingawa kwetu hakuna aliyewahi kuionja.

Meza yetu ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni, soko la Kuyluk, Tashkent,
pale upepo unapoingilia.
Mavluda muuza jibini alituazima mizani:
"Irudishe jioni, na usinizidi wateja."
Siku ya kwanza, wateja wanne.
Mmoja alionja mara tatu akaenda zake.
Mama alimwandika hata yule,
nyuma ya daftari langu la hesabu la darasa la tano:
vijiko vitatu, hasara.

Benki? Benki iliuliza dhamana.
Mama akasema, nina diploma.
Karani akacheka, kwa upole,
na upole ule ndio uliomuuma.
Basi wakacheza upatu, wanawake kumi na mmoja:
Zoya wa tambi, Venera wa samaki mkavu,
shangazi Agrafena aliyechelewesha kila mwezi
na kila mwezi akalia kwa dhati.
Zamu ya mama ilipofika, jokofu.
Zamu ya pili, mlango wenye kufuli.

Sitasema tulitajirika.
Nitasema viatu vyangu vya mwaka ule
vilianza na mimi, havikuishia kwangu.
Nitasema pia vidole vya mama viligeuka rangi ya chungwa
vikabaki hivyo,
na kwenye harusi yangu alivaa glavu
na sikumwambia avue.

Leo ninakaa upande wa pili wa dirisha.
Benki nyingine, kiti kilekile kinachozunguka.
Alhamisi alikuja mwanamke wa Kimugat,
wale ambao wengine huwaita Luli
na kuwafukuza kabla hawajasalimu.
Anataka cherehani mbili. Jina, Oysha.
Anwani: mtaa wake hauna namba.
Mlinzi alisimama karibu kuliko ilivyohitajika.
Nikafika kwenye mstari wa dhamana.
"Una nini?" nikamuuliza,
nikaisikia sauti ya yule karani, upole uleule,
ikitoka kinywani mwangu.

Akaiweka mikono yake juu ya kaunta.
Ncha za vidole zimetobolewa na sindano, nukta kwa nukta,
daftari la mtu asiye na karatasi.

Mkuu wangu ataniuliza, najua.
Nimeandika: mabeseni mawili.