Walipouchora Mstari

Kompyuta yangu haijui kuongopa, ila kusimulia pia haijui.
Inanipa mistari mitatu: wa buluu ni mafuta,
mwekundu ni breki, wa kijani ni mlalo wa pikipiki.
Hapa, mzunguko wa tisa, kona ya kumi na tatu,
wa buluu unapanda kabla wa kijani haujashuka.
Yaani Zbyněk kafungua moto akiwa bado amelala,
goti linakwangua lami, kiwiko kinainusa,
tairi la nyuma linateleza upana wa kiganja.
Ijumaa nilimwambia: hapo usiguse.
Akanijibu huku anatafuna mkate wa kisibiti,
"Basi kwenye njia nyoofu nifanyeje, Libuše?
Niteremke nisukume?"

Pikipiki yetu ni ya mwaka juzi.
Tuliinunua kwa timu iliyofilisika, pamoja na kreti ya springi
na doa la kahawa kwenye tangi, halijatoka mpaka leo.
Ya Joost Terpstra imetoka kiwandani Machi hii,
ina mabawa ubavuni kama taa wa baharini,
inatuzidi nguvu za farasi kumi na nne,
na farasi kumi na nne huwafungi
kwa kamba ya ujasiri.

Mizunguko ishirini na miwili, mchezo ni uleule.
Kwenye njia nyoofu Joost anapita bila jasho
kama mtu anayempita mwenzake kwenye ngazi za umeme.
Kona ya kwanza Zbyněk anachelewa kushika breki,
anachelewa, bado anachelewa, mimi nimefumba macho,
kisha anajipenyeza ndani mahali pasipopita hata barua.
Mcheza kwao hutunzwa: wastaafu wa migodi majukwaani
wakapiga mabati, wakamwagiana bia
kwa ajili ya mtoto wa fundi bomba wao.

Njia nyoofu, mashine. Kona, mtu.
Ningekuwa mwandishi wa magazeti ningeishia hapo.

Lakini usiku wa kuamkia leo nilikesha hadi saa nane
nikigeuza skrubu ya shokapu,
mbofyo mmoja, wa pili, nikaurudisha wa pili.
Ule utelezi wa upana wa kiganja
ni mkono wake, au ni mbofyo wangu?
Au ni mvua ya asubuhi iliyoosha lami
bila kuulizwa na mtu?

Babu yangu aliwahi kuhamisha kanisa.
Mji wa kale wa Most ulikuwa umekalia makaa ya mawe;
wakabomoa nyumba, wakabomoa shule,
kanisa wakalipandisha juu ya reli, wakalisukuma
sentimita mbili kwa dakika, karibu mwezi mzima.
Kazi ya babu ilikuwa kuinama kando ya jeki moja
na kusikiliza.
Waliomuuliza ni nani hasa aliyelihamisha
aliwajibu, "Lilihama,"
akaomba chumvi.

Mzunguko wa mwisho Zbyněk alitoka kona ya ishirini na moja
yuko mbele kwa urefu wa pikipiki mbili.
Mbili! Nikaangusha spana.
Ila mstari wa kumalizia wameuchora kwenye njia nyoofu.
Wangeuchora hatua mia moja nyuma
ningelia kilio cha namna nyingine.
Nane tu kati ya elfu za sekunde:
kope haijaanza safari yake ya kushuka.

Kwenye maikrofoni Joost akausifu mkono wake,
lishe yake, na baiskeli anayoendesha alfajiri.
Zbyněk, nywele zimemganda kwa jasho, akaisifu pikipiki.
"Ilinibeba," alisema. "Mimi nilijishikiza tu."

Jioni tukifunga makreti Joost akaja gerejini peke yake,
hana kofia ya wadhamini, ana soksi mkononi.
Akaomba aikalie ya kwetu.
Injini imezimwa; akalala kushoto, akalala kulia,
akakaa kimya hadi Zbyněk akaenda kutafuta supu.
Kisha akaniuliza mimi:
"Kona ya kumi na tatu. Mnaipitaje?"

Nikamgeuzia kioo.
Akauweka ukucha pale wa buluu unapopanda.
"Kihisi chenu kimeharibika," akasema.

Kihisi kilikuwa kizima.
Nilikipima mara mbili.