Cherehani ya Mama

Usiku wa tatu hujalala, Msellem,
ukaikalia cherehani ya mama
kama daktari aliyeitiwa mgonjwa,
ukaifungua.
Gurudumu, mkanda, sindano, bobini,
skrubu moja moja ukazipanga juu ya jamvi
kwa safu, kwa urefu, kwa mng'aro,
ukaniambia: Time, shika taa,
kuna mtu humu ndani ananitaja jina.

Nikashika taa.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikidhani
ajuaye kufungua ajua na kufunga.

Bopwe nzima imelala, Wete nzima imelala,
taya lako tu linasaga,
linasaga kama linatafuna mchanga.
Wewe! Uliyekuwa ukisinzia khutba ya Ijumaa
hata baba akufinye paja.

Wanaiita barafu.
Barafu tuijuayo sisi ni ya ukwaju,
Bi Riziki anaiuza kwenye vifuko, shilingi mia;
unainyonya, inakwisha, unatupa kifuko, unakwenda zako.
Hii yenu ilikunyonya wewe.
Ilianza na mashavu.

Asubuhi mama alikuta vyuma vimetandazwa
na gauni la bibi harusi wa Limbani
lina mkono mmoja.
Hakulia. Hakukuuliza.
Alivizoa vyote akavitia kwenye kopo la maziwa,
akaliweka juu ya kabati,
akaenda jirani kuazima sindano ya mkono.

Walisema umechezewa. Walisema ruhani.
Ukanywa kombe tatu, ukasomewa,
ukatapika zafarani mbele ya wageni,
na usiku huo huo ukatokea dirishani
na feni begani.

Sitaki kuyaorodhesha yote. Mkufu unaujua.
Yale uliyoyasema mbele ya kioo unayajua,
mimi niliyasikia ukutani.

Nyumba ya soba, Unguja, chumba cha vitanda vinane.
Wenzako wa unga wakipanga foleni ya methadoni,
nyinyi wa barafu mnapewa uji, godoro,
na neno moja: leo.
Msimamizi akapiga simu siku ya nne.
Amelala, alisema. Ameamka, amekula, amelala tena.
Mama akanishika mkono wenye simu:
Muulize vizuri. Amelala?
Amelala, mama.
Amefumba macho?

Halafu ukatoka, na Idi pili ukaanguka.
Hatukumwambia mtu. Watu wakajua.
Ukarudi kwa miguu yako, hilo nalo nalisema,
kwa miguu yako, nauli ya boti umekopa,
ukagonga mlango ule ule.

Sasa ni miezi kumi na mitatu.
Jana umelishusha lile kopo
bila ya kuulizwa, ukatandika lile jamvi,
na mikono inakutetemeka kama ya mzee.
Kile ulichokibomoa kwa usiku mmoja
kimekuchukua jioni sita,
kwa sababu kila ikifika saa tatu unasema
nakwenda kulala,
na unakwenda.
Mimi nabaki ukumbini nakusikiliza unavyokoroma.
Sijapata kusikia kisomo kitamu hivyo.

Skrubu moja haikuonekana.
Tundu lake umeliziba kwa njiti ya kiberiti,
njiti nzima, haijawashwa.
Mama akakaa, akatia uzi, akakanyaga.
Inaruka mshono kila baada ya shubiri.
Akaitazama nguo, akakutazama:
Haidhuru. Napajua pa kurudia.

Funguo za kabati bado analala nazo chini ya mto.
Unajua.
Jana usiku nilikusikia mlangoni pake
ukimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa,
mama, umezichukua funguo?
Zichukue.

Nami, Msellem, nina langu sijakwambia:
taa ile niliishika mimi.