Pete ya Mpira

Nilifika Huayllapata mara ya kwanza na malori mawili,
na utepe mwekundu, na mkasi wa kuukatia.
Upepo wa nyanda za juu ukaudaka utepe,
ukauzungusha shingoni mwa lama;
watu wakacheka,
mpiga picha akaomba turudie.

Siku mbili nilikuwa mgeni.
Wakanipa supu ya kinoa, blanketi zito la manyoya,
kitanda cha mtoto, na mtoto akalala sakafuni.
Ya tatu sikuingojea.
Niliandika "imekamilika", nikatia saini,
nikashuka mlima,
jembe langu likabaki limeegemea ukuta wao.

Miaka kumi na mmoja.

Niliporudi, pampu ilisimama palepale
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Mpini wake umefungwa kamba,
kamba imemfunga punda.
Kibao cha shaba chenye majina ya wafadhili
hakikuwepo.
Nilikikuta jikoni kwa Bi Nicanora, kinafunika chungu,
mvuke unatokea kwenye tundu za misumari.
"Hakishiki kutu," akakisifu.
"Katika vyote mlivyoleta, hiki kimedumu."

Ilikufa lini?

"Mwezi wa saba, mwaka uleule,
tulipokuwa tunaanika viazi usiku vipigwe na barafu.
Ilikohoa, kisha ikavuta hewa tupu.
Policarpio akaipasua kwa nyundo na patasi."
Akafungua kiberiti, akanionyesha:
pete ya mpira, imechanika,
ndogo, isingepita mkononi mwa mtoto.
"Tuliipeleka Oruro, duka kwa duka. Hawaijui.
Tukapiga namba iliyoandikwa kwenye kibao.
Kumbe huko kwenu ulikuwa usiku.
Mashine ikatushukuru kwa lugha ya watu.
Basi tukarudi chemchemini.
Kwenda, saa moja. Kurudi na maji mgongoni, mbili.
Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Mimi ni mhandisi, hesabu ndiyo ugali wangu.
Nilipofika mwaka wa nne
nikaacha.

Nikatoa mkobani michoro ya pampu mpya,
ya nguvu za jua, yenye taa ya kijani.
Hakuitazama. Alitazama viatu vyangu.
"Na hii," akauliza, "pete yake inauzwa wapi?"

Nimeketi na mabwana wa fedha, kwenye meza ndefu
zenye chupa ndogo za maji.
Wameniuliza asilimia, wameniuliza rangi ya nembo.
Swali hilo hawakuwa nalo.

Kesho yake Policarpio alibingirisha tairi la lori,
tukakata pete kwa kisu cha kuchinjia.
Ya kwanza ikavuja. Ya pili ikakwama.
Ya sita tuliipaka mafuta ya kondoo.
Na huku nyuma yetu kijiji kinagombana:
nani ashike funguo,
kila nyumba itoe sarafu au kisaga cha kinoa,
mjane atoe nini.
Mzee Saturnino akaapa hatoi hata punje,
fedha za kamati ya kwanza zilinywewa sikukuuni,
na walevi wenyewe hawa hapa, wamekaa, wanapiga kura!
Nilitaka kuwatuliza. Bi Nicanora akanivuta shati.
"Waache. Ile ya kwanza hakuna aliyeigombania."

Jioni maji yakatoka,
mekundu kwa kutu, kisha meupe,
kisha baridi ya kuumiza meno.
Hakuna aliyepiga makofi.
Msichana mmoja akajaza ndoo, akaenda zake.

Kulipopambazuka nilikuwa nafunga mkoba.
Bi Nicanora akasimama mlangoni, kofia yake ya duara kichwani,
akauziba mlango wote.
Ile ya sita ilikuwa imeanza kuvuja.
"Unakwenda wapi?" akasema. "Leo ndiyo ya tatu."

Akanipa spana.